Mwizi wa Kiatu Kimoja Chekundu

Jumatatu, 13 Novemba

Daftari jipya! Kurasa tisini na sita, jalada gumu. Nimelinunua Kamembe leo asubuhi kwa kazi moja tu: siri. Mwanamume mwenye mipango mikubwa lazima awe na mahali pa kuiweka.

Mambo yako hivi. Mkuu wa usalama wa mudugudu wetu, yaani kijiji, amehamia Nyakarenzo kulima. Ameacha firimbi na fulana ya njano inayong'aa. Chefu wa kijiji, Papa Nsengiyumva, ametangaza kwamba Jumamosi tarehe 25, baada ya muganda, kazi ya pamoja ya mwisho wa mwezi, tutachagua mwingine kwa njia yetu ya siku zote. Wagombea wanasimama mbele, kila mtu anajipanga mstari nyuma ya amtakaye. Firimbi ile lazima iwe yangu. Naiota! Nililinda depo ya sabuni Bukavu miaka tisa na hakikuibiwa kitu, isipokuwa jenereta, na siku ile nilikuwa harusini.

Tatizo la kwanza: Nyiramahoro anagombea pia. Muuza samaki, tena sambaza! Na ni jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, maana nyumba hizi tulizopewa na serikali zimejengwa nne nne chini ya paa moja: mlango wangu, mlango wa Nyiramahoro, wa Mzee Nshimiyimana, na wa Joselyne. Kuta zinaishia chini kidogo ya bati. Fundi alisema ile nafasi ya juu ni ya kupitisha hewa. Hewa nzuri, sina lawama.

Tatizo la pili ni baya zaidi. Hapa watu wanajisikia salama mno! Joselyne anaanika sufuria nje na kwenda sokoni. Mzee Nshimiyimana anasinzia mlango wazi. Mtu aliyeshiba hatafuti mpishi, na mtu asiyeogopa hatafuti mkuu wa usalama. Dawa ni kuwatilia hofu kidogo. Kidogo tu, kama chumvi.

Maman Gracia, mke wangu, ananisumbua hata sasa hivi ninapoandika. Mimi hutamka kila neno kwa sauti ninapoliandika, kama mwalimu wetu wa Uvira alivyotufundisha: mkono hufuata kinywa. Yeye anataka niandike kimya. Amesema, "Papa, funga kinywa, batu banasikia." Watu gani? Mlango nimefunga. Dirisha nimefunga. Ni wivu wa elimu tu.

Kesho saa nane mchana, Mzee akisinzia kwenye benchi lake, nitahamisha bote zake za mvua. Nahamisha, siibi. Nitazificha nyuma ya zizi la ng'ombe wa mudugudu, kisha nitazigundua mbele ya watu. Védaste, mgunduzi!

Kwa Nyiramahoro mtu anacheka peke yake. Redio, bila shaka.

Jumanne, 14 Novemba

Ajabu. Saa nane Mzee alikuwa amesinzia kama kawaida, lakini bote alikuwa amezivaa! Jua linawaka, na yeye amezifunga kwa kamba chini ya magoti. Miaka mitatu namwona akizivua kabla ya kulala.

Sikukata tamaa. Nilichuchumaa nikaanza kuvuta ya kushoto, taratibu. Bila kufungua macho akaniambia kwamba ya kulia ndiyo inayotoka kwa urahisi. Nikasema nilikuwa namfutia vumbi. Akanishukuru sana na kuniombea baraka. Nimefuta bote mbili mpaka saa tisa.

Bahati mbaya, basi. Wazee hawatabiriki. Kesho ni sufuria ya Joselyne, ile kubwa ya maharage. Saa nne asubuhi, akiwa robineni kuchota maji, naichukua na kuificha kwenye majani nyuma ya zizi.

Jumatano, 15 Novemba

Sufuria niliichukua bila shida. Ilikuwa imeoshwa, imekaushwa, na imewekwa karibu kabisa na mlango wangu. Uzembe ulioje! Nikaificha kwenye majani, nikaenda kunywa chai kwanza ili mambo yapoe. Kisha nikakimbia kwa chefu nikipiga kelele za mwizi.

Watu walikuja wengi. Niliwaongoza mwenyewe, pua mbele, nikinusa nusa kama mtu wa kazi hiyo. Tukafika nyuma ya zizi. Joselyne alikuwa pale, ameketi juu ya ndoo, sufuria mapajani, anamenya viazi. Alisema kwamba kwa kuwa sufuria ilikuwa inakuja huku, aliona afadhali amenyee huku huku, kuna kivuli. Watu wakaitikia kwa vichwa. Hakuna aliyemuuliza alijuaje!

Chefu akaniuliza mwizi yuko wapi. Nikamwambia amesikia nakuja, amekimbia. Joselyne akaniomba nimbebee sufuria mpaka nyumbani, kwa kuwa njia naijua. Viazi vilikuwa ndani bado. Mgongo unauma.

Ijumaa, 17 Novemba

Habari kubwa! Alhamisi ijayo anakuja msichana wa shirika moja, mwenye tableti, kuuliza familia zote arobaini na nane za mudugudu: tangu mpewe nyumba hizi, mnajisikia salama kiasi gani? Majibu yatasomwa siku ile ile ya uchaguzi, kabla ya watu kupanga mistari.

Chefu anataka wote waseme tuko salama kabisa, maana ameahidi hivyo kwenye mihigo yake na ameweka sahihi. Mimi nataka waseme wanatetemeka. Nikiwa na familia ishirini tu zinazotetemeka, firimbi iko shingoni mwangu.

Kwa hiyo vyombo basi. Sasa naleta mwizi mzima. Nimemtunga leo nikilisha ng'ombe: mtu mrefu, mwembamba, haongei, na amevaa kiatu kimoja tu, chekundu. Kiatu kimoja ndicho kinachotisha. Mtu mwenye viwili ni mpita njia tu. Kesho nitamtangaza robineni, saa moja, wanawake wakiwa wengi. Nimerudia maneno yangu mara sita kwa sauti ya kuogofya. Maman Gracia amejifunika blanketi kichwani. Tayari inafanya kazi!

Jumamosi, 18 Novemba

Sijui nianzie wapi. Nilifika robineni na uso wa msiba. Nikasema jana, kwa macho yangu, niliona mtu mrefu, mwembamba... Nyiramahoro akadakia: na haongei. Joselyne akaongeza, akijaza bidoni yake, kwamba amevaa kiatu kimoja. Mzee Nshimiyimana akasema, "Nyekundu."

Walimwona nao!

Nimewauliza walimwona wapi. Nyiramahoro alisema hajamwona, amemsikia tu. Amemsikia mara sita. Mtu asiyeongea, amesikikaje? Nimemtunga mimi mwenyewe, Ijumaa, zizini, na shahidi wangu alikuwa ng'ombe.

Nimemweleza Maman Gracia. Amesema, "Papa, banakusikia weye! Kila siku banakusikia!" Anasema hivi kwa sababu anaogopa. Nimemfariji.

Jumapili, 19 Novemba

Kanisani hata mchungaji aliniuliza kama rafiki yangu amepata kiatu cha pili. Mama mmoja ninayemjua kwa uso tu alitaka kujua ni mguu gani. Wa kulia, nikasema. Akashukuru, eti walikuwa wanabishana nyumbani.

Wanamjadili lakini hawamwogopi! Wanamcheka mwizi! Nimeudhika kwa niaba yake. Watu hawa wanahitaji kuona ushahidi.

Nimepata kiatu. Nyuma ya kanisa palikuwa na lundo la nguo kuukuu za chagua kwa ajili ya wasiojiweza, na ndani yake kiatu cha kike, chekundu, kisigino kifupi, cha kulia, bila mwenzake. Nimekiazima. Kesho alfajiri, ardhi ikiwa na maji ya mvua, nitapiga nyayo kutoka barabarani mpaka zizini. Mtu yeyote atakayeziona atalia.

Jumatatu, 20 Novemba

Nyayo sabini na mbili! Nilizipiga kwa mkono, nimeinama, mgongo ukilia. Nilipomaliza, jua lilikuwa linatoka juu ya vilima vya Mururu na kazi yangu ilikuwa nzuri, niseme ukweli.

Chefu alikuja na daftari lake. Watu nyuma. Alizifuata nyayo zote mpaka mwisho. Kisha akaniuliza kama mwizi huyu anarukaruka kwa mguu mmoja. Nikatazama. Zote za kulia! Mlima mzima, za kulia! Nikajibu kwamba amefanya mazoezi. Chefu akaandika: amefanya mazoezi. Nyiramahoro alikwenda kukohoa nyuma ya zizi kwa muda mrefu.

Natambua kosa langu. Laiti ningekuwa na cha kushoto! Rangi yoyote, mradi cha kushoto. Ningerudia kazi na ingekuwa safi. Lakini nitakipata wapi, na nikimwuliza mtu yeyote siri imevuja? Hili najua mimi na daftari tu.

Jumanne, 21 Novemba

NIMEKIKUTA MLANGONI.

Kiatu cha kushoto. Cha bluu. Kimewekwa katikati ya kizingiti, kimefutwa vumbi, ncha ikielekea ndani.

Sikumwambia mtu. Sikumwambia hata mtu mmoja! Niliandika tu. Kwa hiyo kuna mtu, mrefu au mfupi sijui, anayejua ninachofikiri, na usiku alikuja mpaka mlangoni pangu akiwa na viatu viwili na akaondoka na kimoja. Nimemtunga, na amekuja.

Maman Gracia amesema ni Nyiramahoro, maana jana nilisema nakitafuta. Nilisema? Sikufungua kinywa! Niliandika! Ameshika kichwa kwa mikono miwili. Naye sasa ameelewa hatari.

Nimeweka jembe nyuma ya mlango. Nimeweka meza nyuma ya jembe. Leo ilikuwa siku ya mkutano wa wananchi, na sikwenda. Nimechungulia tu dirishani. Joselyne anaanika sufuria. Mzee anasinzia, bila bote. Wote wanaishi kama watu wa mbinguni, na mimi, mlinzi wa miaka tisa, nimejifungia nyuma ya meza. Naogopa. Nimeandika. Naogopa kweli.

Alhamisi, 23 Novemba

Msichana wa shirika amekuja. Anaitwa Isimbi, mpole, amekaa kwenye kiti kwa heshima ingawa ilibidi apite juu ya meza kuingia.

Nilikuwa nimeandaa majibu makali kwa niaba ya wananchi wote. Lakini alipouliza, toka moja mpaka tano, najisikia salama kiasi gani katika nyumba yangu, niliyasahau yote. Nikasema moja. Akauliza kama naweza kwenda robineni peke yangu bila wasiwasi. Nikasema siku mbili sijanawa. Akauliza kama kuna majirani ninaoweza kuwategemea nikipata shida. Nikamwambia sijui, sijawahi kuwaomba kitu, ila nimewahi kufuta bote za mmoja wao.

Aliandika kwa kidole, taratibu. Akauliza tishio ni nini hasa. Nikamwonyesha viatu, chekundu na cha bluu. Akaviangalia sana. Akauliza kama anaweza kunywa maji.

Nilimsikia akitoka na kuingia kwa Nyiramahoro. Ukuta huu si mnene, mtu anasikia kila kitu upande wa pili! Sikuwahi kulifikiria hilo. Isimbi aliuliza swali moja, kisha wakacheka wote wawili, dakika nyingi. Kwa Joselyne vivyo hivyo. Kwa Mzee hivyo hivyo. Usalama ni jambo la kuchekesha kwa watu wengine.

Jumamosi, 25 Novemba

Naandika nikiwa nimechoka, lakini naandika yote.

Kwenye muganda tumechimba mfereji wa maji. Nilikwenda katikati ya kundi ili nisibaki nyuma. Kisha tukakaa karibu na tangi la maji, na Isimbi akasimama na tableti yake.

Familia arobaini na nane zimeulizwa. Arobaini na saba zinajisikia salama kabisa, tano kwa tano, jambo ambalo hajawahi kuliona popote. Moja haijisikii salama hata kidogo. Akasema majina ni siri na hayatatajwa kamwe. Watu wote wa familia arobaini na saba wakageuka kunitazama.

Akasoma sababu. Sababu iliyotajwa zaidi: hapa kila baya linajulikana kabla halijatokea, na saa yake, na mahali pake. Sababu ya pili: tangu tarehe 13 watu wanakwenda kulala wakicheka. Mzee Nshimiyimana alipiga makofi peke yake. Chefu Nsengiyumva alikuwa na furaha ya mtu aliyetimiza mihigo. Tableti ilitaka pia kujua ni nani anayepaswa kushukuriwa, na Isimbi akasema jibu lilikuwa moja, lakini nalo ni siri. Wakanitazama tena! Mimi nikatazama chini.

Kisha mistari. Nilisimama kushoto, Nyiramahoro kulia. Watu walikwenda kulia kama maji yanayotafuta mfereji. Nyuma yangu alibaki Mzee Nshimiyimana. Nilimshika mkono, machozi karibu. Akaniambia nisogee kidogo, nimemzibia kivuli cha tangi.

Niliona kitambaa cha kichwa cha Maman Gracia katikati ya mstari wa Nyiramahoro. Mke wangu! Miaka ishirini na mbili! Alisema mbele ya watu wote, "Papa, minakupenda. Lakini minapenda pia kulala." Hilo limeniuma kuliko firimbi.

Nyiramahoro akavishwa fulana ya njano na firimbi. Nilidhani atanisimanga. Mimi ningemsimanga. Badala yake Isimbi alisema shirika lake linashauri kwamba familia yoyote inayoogopa ipewe kitu cha kuitia majirani. Nyiramahoro akaitoa firimbi shingoni mwake, akanijia, akanivisha mimi. Akasema kazi yake haihitaji firimbi. "Mimi kinywa yangu inatosha." Kweli, anauza sambaza. Na akasema nikiipiga, saa yoyote, watakuja wote. Hata kama nimeipiga bure.

Nimerudi nyumbani nikaondoa meza mlangoni.

Jumapili, 26 Novemba

Nimelala vizuri sana na akili imerudi!

Nimetafakari. Walijuaje kuhusu bote? Walijuaje kuhusu sufuria, kiatu, mguu? Hakuna mwizi, ni wazi sasa. Kuna jibu moja tu: mtu anaingia humu nikiwa nje na kusoma daftari langu! Nimemwambia Maman Gracia. Alivuta pumzi, akaanza kunieleza kitu kuhusu kinywa changu na ile nafasi ya juu ya ukuta. Nikamkatiza. Juu ya ukuta inapita hewa. Fundi alisema.

Kwa hiyo nimechukua hatua. Nimetoboa jalada la daftari kwa msumari wa moto na kupitisha kufuli la baiskeli. Ufunguo nimeuweka ndani ya kopo la chumvi, rafu ya juu, kushoto. Nani atajua?

Na sasa, mpango. Nyiramahoro hajui alichofanya. Ananipa firimbi, mimi! Kesho saa kumi na mbili asubuhi nitaipiga kwa nguvu zote, nitapiga kelele za mwizi, nitatoka wa kwanza na jembe mkononi. Mudugudu mzima utaona nani yuko macho na nani, mkuu wa usalama mzima, bado amelala na fulana yake ya njano. Kabla ya Krismasi watadai uchaguzi mpya. Na hakuna anayejua ila mimi na wewe, daftari, chini ya kufuli.

Wanagonga ukutani. Nyiramahoro anauliza kama inaweza kuwa saa moja badala ya saa kumi na mbili, maana saa kumi na mbili anapokea sambaza na hatakuwapo. Anaongea na nani, mwanamke huyu? Joselyne amemjibu kutoka kwake kwamba saa moja ni sawa, ataleta na chai. Mzee anauliza kama avae bote.

Wanapanga jambo, hawa, na kwa sauti kubwa hivyo! Hawajui kwamba kuta zina masikio? Bora mimi ninayeandika.